Hubert Humphrey: Kiongozi ambaye saratani ya kibofu ilimbishia hodi mapema

MWISHONI mwa Oktoba 1977, mzee aliyekonda aliingia katika ukumbi wa Seneti jijini Washington, Marekani. Suti ilikuwa imempwaya, nywele zimegeuka nyeupe na uso umesawijika kwa maradhi. Maseneta wa vyama vyote viwili walisimama wakampigia makofi kwa muda mrefu, na baadhi yao walishindwa kuyazuia machozi.

Mzee huyo alikuwa Hubert Horatio Humphrey, seneta wa jimbo la Minnesota na aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani kati ya 1965 na 1969. Miezi miwili kabla ya siku hiyo, madaktari walikuwa wamempasua na kukuta kwamba saratani iliyoanzia kwenye kibofu cha mkojo ilikuwa imeenea katika sehemu ya nyonga. Haikuwezekana tena kuiondoa kwa kisu.

Wengi humkumbuka Humphrey kama mwanasiasa aliyetetea haki za watu weusi wakati ambapo kufanya hivyo kulikuwa ni kujitafutia maadui. Hata hivyo, jina lake limebaki pia katika vitabu vya udaktari. Ugonjwa uliomuua ulikuwa umembishia hodi miaka 10 kabla, na mlango haukufunguliwa kwa wakati.

Katika miaka hiyo Humphrey alipitia miale, kisu na dawa kali za kuua seli za saratani. Tiba hizo zilimjia moja baada ya nyingine, kila moja ikitumwa kujaribu kuziba pengo lililoachwa na iliyotangulia. Wazo la kuunganisha dawa na miale kwa wakati mmoja, ili kumpa nafasi mgonjwa asiyeweza kupasuliwa, lilikuja kupevuka yeye akiwa tayari kaburini.

Mwana wa muuza dawa

Humphrey alizaliwa Mei 27, 1911 katika mji mdogo wa Wallace, jimbo la South Dakota, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la dawa la babake. Mamake alikuwa mzaliwa wa Norway. Familia ilihamia mji wa Doland, na huko ndiko kijana huyo alikokulia, akimsaidia babake dukani na kusikiliza mijadala ya siasa iliyozuka kati ya wateja.

Maisha hayakuwa mteremko. Benki za mji huo zilipofilisika mwishoni mwa miaka ya 1920, babake alilazimika kuiuza nyumba yao ili alipe madeni. Humphrey alijiunga na Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka wa 1929, lakini hali ngumu ya uchumi ikamrudisha nyumbani kabla hajahitimu.

Alisomea kazi ya kuchanganya na kuuza dawa mjini Denver, akapata cheti chake mwaka wa 1933, kisha akafanya kazi kwa miaka kadhaa katika duka la babake mjini Huron. Mwaka wa 1936 alimwoa Muriel Buck. Mwaka uliofuata aliamua kuliacha duka na kurejea chuoni, akahitimu shahada ya kwanza mwaka wa 1939 na ya uzamili mwaka wa 1940.

Alifundisha chuoni kwa muda, akajaribu bahati yake katika uchaguzi wa meya wa Minneapolis mwaka wa 1943 na kushindwa kwa kura chache. Hakukata tamaa. Alirudi ulingoni mwaka wa 1945 na kushinda, akiwa na umri wa miaka 34.

Hotuba iliyogawanya chama

Jina lake lilivuma kote Marekani Julai 1948, wakati wa mkutano mkuu wa chama cha Democrat jijini Philadelphia. Wazee wa chama walitaka suala la haki za watu weusi liguswe kijuujuu tu ili wajumbe wa majimbo ya kusini wasikasirike. Humphrey, akiwa bado kijana wa miaka 37, alipanda jukwaani na kupinga vikali dhana kwamba wakati wa haki hizo ulikuwa haujawadia. Kwake yeye, taifa lilikuwa limechelewa kwa miaka mingi mno.

Wajumbe walipopiga kura, upande wake ulishinda kwa kura 651.5 dhidi ya 582.5. Baadhi ya wajumbe wa kusini waliondoka ukumbini kwa hasira. Miezi michache baadaye wapigakura wa Minnesota walimchagua kuwa seneta.

Katika Seneti alijulikana kwa kuzungumza sana na kuchoka kidogo. Alichangia mpango wa kupeleka chakula katika nchi zenye uhaba, akawasilisha mswada wa kuunda kikosi cha vijana wa kujitolea ng'ambo kabla ya wazo hilo kutekelezwa na Rais John F. Kennedy, na akatetea mkataba wa mwaka wa 1963 wa kupunguza majaribio ya silaha za nyuklia.

Kazi yake kubwa zaidi ilikuja mwaka wa 1964, alipopewa jukumu la kuuongoza Mswada wa Haki za Kiraia katika Seneti. Wapinzani walitumia mbinu ya kuzungumza bila kukoma ili kura isipigwe. Seneta Robert Byrd peke yake alizungumza kwa zaidi ya saa 14, usiku wa kuamkia Juni 10.

Asubuhi hiyo kura ya kuukomesha mjadala ilipigwa. Seneta Clair Engle wa California, aliyekuwa akiugua uvimbe wa ubongo na asiyeweza tena kuzungumza, aliletwa ukumbini kwa kiti cha magurudumu. Jina lake lilipoitwa, aliinua mkono na kuonyesha jicho lake, kwa kuwa neno la Kiingereza la kuunga mkono hoja hutamkwa sawa na neno la jicho. Kura zilikuwa 71 dhidi ya 29. Engle aliaga dunia mwezi uliofuata.

Humphrey mwenyewe hakupata nafasi ya kusherehekea kwa utulivu. Siku hizohizo za Juni alipata habari kwamba mwanawe Robert alikuwa na saratani shingoni na alihitaji upasuaji. Kijana huyo alipona, lakini babake alilazimika kubaki Washington hadi mswada upite. Rais Lyndon Johnson aliutia saini Julai 2, 1964, na katika uchaguzi wa Novemba mwaka huo Humphrey akawa mgombea mwenza wake na kuibuka Makamu wa Rais.

Damu katika mkojo

Mwaka wa 1967, akiwa katika wadhifa huo, Humphrey aliona damu katika mkojo wake. Madaktari walimchunguza kibofu na kuchukua sampuli ya mkojo ili seli zilizomo zitazamwe kwa hadubini.

Hapo ndipo wataalamu walipotofautiana. Mmoja wao alishuku kwamba seli hizo zilikuwa za saratani. Wengine hawakuridhika na ushahidi huo. Kwa kuwa hapakuwa na kipimo kingine cha kuamua nani mkweli, uamuzi wa kufanya upasuaji mkubwa haukuchukuliwa, na mgonjwa akaendelea kuchunguzwa mara kwa mara.

Si jambo la kushangaza kwamba madaktari walisita. Kuondoa kibofu cha mkojo ni upasuaji mzito hata leo, na katika miaka hiyo ulikuwa wa hatari zaidi. Isitoshe, damu katika mkojo huweza kusababishwa na mambo mengi, yakiwemo mawe, maambukizi na uvimbe usio wa saratani. Tena mara nyingi damu hiyo huonekana siku moja kisha ikapotea kwa wiki au miezi, bila maumivu yoyote, na mgonjwa akadhani amepona.

Umma wa Marekani haukuelezwa lolote. Humphrey alichapa kazi kama kawaida, na mwanzoni mwa 1968 alifanya ziara katika nchi tisa za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo. Wakazi wa Nairobi waliomwona Januari mwaka huo hawakuwa na namna ya kujua kwamba mgeni huyo mchangamfu alikuwa ameshapokea onyo kutoka mwilini mwake.

Mwaka huo ulikuwa mgumu kwake. Johnson alijiondoa katika kinyang'anyiro cha urais kutokana na vita vya Vietnam, na Humphrey akateuliwa na chama chake jijini Chicago huku polisi wakipambana na waandamanaji barabarani. Wengi waliopinga vita walimwona kama mtu aliyeshindwa kumkosoa mkubwa wake. Novemba alishindwa na Richard Nixon wa Republican, aliyepata asilimia 43.4 ya kura huku Humphrey akipata asilimia 42.7.

Miale, kisha kisu, kisha dawa

Humphrey alirudi Seneti mwaka wa 1971, na mwaka wa 1972 akakosa tena tiketi ya chama chake ya kuwania urais. Ugonjwa nao haukuwa umelala. Kufikia mwishoni mwa 1973, madaktari walipata vivimbe vidogo kwenye kibofu na wakaamua kumtibu kwa miale.

Matibabu ya miale wakati huo hayakuwa na ulengaji wa leo. Mashine hazikuweza kufuata vizuri umbo la kibofu, hivyo viungo vya jirani kama utumbo mpana navyo viliunguzwa. Humphrey aliteseka sana kwa maumivu, lakini alivumilia hadi mwisho, na kwa muda ikaonekana kwamba amepata nafuu.

Mwaka wa 1976 wafuasi wake walimsihi awanie urais kwa mara nyingine. Mwezi wa Aprili alitangaza kwamba hangejitosa katika kura za mchujo. Miezi michache baadaye uchunguzi ulithibitisha kwamba saratani ilikuwa imepenya ndani ya ukuta wa kibofu.

Oktoba 1976, katika hospitali ya saratani ya Memorial Sloan-Kettering jijini New York, Dkt Willet Whitmore aliongoza upasuaji wa kukiondoa kibofu chote. Ilikuwa imepita miaka tisa tangu sampuli ile ya mkojo. Akiwa angali hospitalini, Humphrey alizoea kutembea wodini akiwasalimu na kuwatia moyo wagonjwa wengine. Wapigakura wa Minnesota walimchagua tena kuwa seneta mwezi uliofuata.

Baada ya upasuaji alianza kupewa dawa kali za kuua seli za saratani, tiba ambayo wengi huiita kemotherapi. Zilimdhoofisha mno. Januari 1977 aliwania kuwa kiongozi wa wengi katika Seneti lakini akajiondoa, na nafasi ikamwendea Byrd, yuleyule aliyezungumza kwa saa 14 mwaka wa 1964. Maseneta walimtungia Humphrey wadhifa mpya wa heshima ili aendelee kuwa miongoni mwa viongozi.

Agosti 1977 utumbo wake uliziba, akapasuliwa katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Minnesota. Ndipo madaktari walipokuta uvimbe nyongani ambao haukuweza kutolewa. Safari hii habari hazikufichwa. Taifa liliambiwa waziwazi kwamba ugonjwa ulikuwa umefika hatua isiyo na tiba ya kuponya.

Kuaga bila kinyongo

Humphrey aliitumia miezi iliyobaki kama mtu anayefunga duka kwa utaratibu. Rais Jimmy Carter alimpitia Minnesota kwa ndege yake na kumrejesha Washington. Mnamo Novemba makao makuu ya wizara ya afya nchini humo yalipewa jina lake, na mwenyewe akahudhuria sherehe hiyo. Bunge la Wawakilishi nalo lilimwalika kuhutubia, heshima ambayo haikuwa desturi kupewa seneta.

Alipozidiwa alirudi nyumbani kwake Waverly, Minnesota. Kutoka kitandani aliwapigia simu marafiki na mahasimu. Mmoja wa aliowapigia alikuwa Nixon, mtu aliyemshinda mwaka wa 1968 na ambaye alikuwa akiishi kwa upweke tangu ajiuzulu urais Agosti 1974.

Humphrey aliaga dunia Januari 13, 1978, akiwa na umri wa miaka 66. Mwili wake uliwekwa katika jengo la Bunge ili wananchi wautolee heshima. Katika ibada iliyofanyika humo, Carter na Gerald Ford walikuwepo, na Nixon pia alikuwepo, akikanyaga Washington kwa mara ya kwanza tangu aondoke Ikulu kwa aibu. Mjane wake Muriel aliteuliwa kukalia kiti chake katika Seneti hadi Novemba mwaka huo.

Yaliyogunduliwa akiwa kaburini

Mwaka uleule ambao Humphrey alipasuliwa, 1976, daktari Alvaro Morales wa Canada alichapisha matokeo ya wagonjwa tisa aliowatibu kwa kuingiza chanjo ya kifua kikuu, BCG, ndani ya kibofu. Tiba hiyo huamsha kinga ya mwili dhidi ya saratani ambayo bado iko kwenye utando wa juu. Leo ni miongoni mwa tiba kuu za hatua ya awali, lakini kwa Humphrey hatua hiyo ilikuwa imeshapita.

Kisha mwezi wa Disemba 1978, miezi 11 baada ya kifo chake, serikali ya Marekani iliidhinisha dawa ya sisiplatini. Chanzo chake kilikuwa majaribio ya mwanasayansi Barnett Rosenberg katika miaka ya 1960, alipogundua kwa bahati kwamba kemikali zenye madini ya platini huzuia bakteria kugawanyika. Dawa hiyo iliidhinishwa kwanza kwa saratani za korodani na ovari, lakini punde ikawa nguzo ya kutibu saratani ya kibofu.

Madaktari waligundua jambo jingine muhimu. Miale huua seli ya saratani kwa kuzikata nyuzi za DNA zilizomo ndani yake. Seli hujaribu kuziunga upya usiku kucha kabla ya dozi ya siku inayofuata. Sisiplatini nayo huzishika nyuzi hizohizo na kuifanya kazi ya kuziunga kuwa ngumu. Vikitumiwa pamoja, kila kimoja hukipa nguvu kingine. Aidha, dawa husafiri kwa damu na inaweza kufikia seli zilizotoroka nje ya eneo linalomulikwa.

Mwaka wa 1987 kundi la watafiti wa Marekani lililoongozwa na Dkt William Shipley lilichapisha matokeo ya wagonjwa 70 wenye saratani ya kibofu iliyopenya kwenye misuli na ambao hawakufaa kupasuliwa. Walipewa sisiplatini na miale kwa pamoja, na wengi miongoni mwa waliokamilisha matibabu uvimbe wao ulitoweka. Utafiti wa Canada uliochapishwa mwaka wa 1996, ukiwahusisha wagonjwa 99, ulionyesha kwamba kuongeza sisiplatini kwenye miale kulipunguza visa vya saratani kurudi nyongani.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka Uingereza mwaka wa 2012. Wagonjwa 360 waligawanywa katika makundi mawili, moja likipewa miale pekee na jingine miale pamoja na dawa mbili, florourasili na mitomaisini. Baada ya miaka miwili, asilimia 67 ya waliopewa tiba ya pamoja walikuwa hai bila saratani kurudi kwenye kibofu au maeneo ya karibu, ikilinganishwa na asilimia 54 ya waliopewa miale pekee. Faida ya dawa hizo mbili ni kwamba zaweza kuvumiliwa hata na mgonjwa ambaye figo zake haziwezi kustahimili sisiplatini.

Kwa kawaida mgonjwa hukwanguliwa kwanza uvimbe kadiri inavyowezekana, kwa kifaa kinachopitishwa kwenye njia ya mkojo. Kisha humulikwa siku tano kwa wiki, kwa muda wa wiki nne hadi saba, huku akipewa dawa katika siku zilizopangwa. Huweza kupatwa na haja ya kukojoa mara kwa mara, mkojo kuchoma, kuhara, uchovu na upungufu wa chembe za damu. Baadaye kibofu huchunguzwa kila baada ya miezi michache, kwa kuwa saratani huweza kurudi.

Tiba hii haimfai kila mtu. Hufanya vyema zaidi pale ambapo saratani ingali katika kibofu na mgonjwa hawezi kupasuliwa kwa sababu ya uzee, moyo au mapafu dhaifu, au pale ambapo mwenyewe hataki kupoteza kibofu. Saratani ikiwa imesambaa mbali, dawa ndizo hutangulia. Disemba 2023, Marekani iliidhinisha kikamilifu matumizi ya pamoja ya dawa mbili mpya, enfotumabu vedotini na pembrolizumabu, kwa wagonjwa wa hatua hiyo.

Hata leo mtu mwenye hali kama ya Humphrey mnamo Agosti 1977 angekuwa katika hatari kubwa. Nyonga ikishamulikwa mara moja, viungo vilivyomo huwa vimefikia kiwango ambacho ni vigumu kukipita bila madhara makubwa. Ndiyo maana mpangilio wa tiba tangu mwanzo ni jambo la kufa na kupona. Tiba iliyotumiwa peke yake mwanzoni huenda isipatikane tena wakati inapohitajika kuungana na nyingine.

Jibu lililochelewa miaka 27

Mzozo wa mwaka wa 1967 ulipata mwamuzi mwaka wa 1994. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins waliitoa ghalani sampuli ile ya mkojo, wakailinganisha na uvimbe uliotolewa Oktoba 1976. Kwa kutumia teknolojia ya kuzidisha vipande vya DNA, ambayo haikuwapo wakati wa uhai wake, walipata hitilafu ileile ya jeni iitwayo p53 katika sampuli zote mbili.

Maana yake ilikuwa wazi. Saratani iliyomuua Humphrey ilikuwa tayari ndani ya mkojo wake mwaka wa 1967, kabla hajazuru Nairobi na kabla hajawania urais. Daktari aliyeishuku alikuwa sahihi. Matokeo hayo yalichapishwa katika jarida la New England Journal of Medicine na yakawapa moyo wanasayansi waliokuwa wakitafuta njia za kuinasa saratani kupitia mkojo.

Kwa wakazi wa Afrika Mashariki, onyo la aina hiyo lina uzito wa ziada. Mbali na uvutaji wa sigara, ambao ni miongoni mwa visababishi vikuu vya saratani ya kibofu duniani, kichocho kinachoshambulia njia ya mkojo kinaweza kuleta saratani hiyo baada ya miaka mingi bila matibabu. Ugonjwa huo umekuwa ukipatikana katika maeneo ya Pwani ya Kenya, na katika baadhi ya vijiji damu katika mkojo wa kijana huonekana kama jambo la kawaida la kukua. Si jambo la kawaida kamwe. Dawa ya kichocho ni prazikwanteli, na huhitajika mapema, kabla kibofu hakijaharibika.

Jina la Humphrey lingali hai katika ufadhili wa masomo ulioanzishwa mwaka wa 1978, ambao umewapeleka Marekani wataalamu kutoka mataifa mengi, Wakenya wakiwemo. Mwaka wa 1980 alitunukiwa, baada ya kifo chake, nishani ya juu zaidi ya kiraia nchini mwake.

Katika siasa alikataa hoja ya kwamba haki iendelee kusubiri, akapigania jambo hilo kwa miaka 16 hadi sheria ikapita. Katika mwili wake, kungoja kulichukua miaka tisa, na tiba ambazo pengine zingemsaidia zikafika baada yake. Wagonjwa wa leo wanazo. Kilichobaki ni kwamba tone la kwanza la damu lipelekwe kwa daktari, na lisisahauliwe kwa sababu tu mkojo wa kesho umekuwa safi.